Kuchagua saizi ya beringi za krenki: Toyota 4A-FE na 5A-FE, kipimo kwa kipimo

Ukifika dukani ukaomba beringi za krenki ya 5A, muuza spea atakuuliza swali moja tu: "Standadi au ishirini na tano?", yaani saizi ya kiwandani au ya krenki iliyosagwa mm 0.25. Wengi hulijibu kwa kusoma maandishi ya nyuma ya beringi zilizotoka. Ovahoo nyingi huanzia kuharibika hapo. Beringi kuukuu inaeleza fundi aliyetangulia alifunga nini. Krenki ilivyolika tangu siku ile, hiyo ni habari ya maikromita, kifaa cha kupima unene.

Mwongozo huu unafuata injini mbili ambazo bado zimejaa barabarani kwetu: 5A-FE ya Corolla 110 na Carina, na 4A-FE ya Spacio ya zamani. Krenki zake zina shingo tano za meni (zinazokaa kwenye bloku) zenye kipenyo cha mm 48 na shingo nne za konrodi (mikono inayobeba pistoni) zenye mm 40. Shingo ni zile sehemu zilizong'arishwa ambazo beringi huzikumbatia. Tahadhari moja kabla hujatoa hela: 7A-FE ni ndugu yao na kwa nje zinafanana sana, ila konrodi zake zina shingo nene zaidi, kwa hiyo seti ya konrodi ya 4A haiingii. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku, usiamini jina la gari, maana injini nyingi zimeshabadilishwa.

Nafasi ya oili

Injini ikiwaka, shingo ya krenki haitakiwi kugusa beringi. Inaelea juu ya utando wa oili, na utando huo unahitaji nafasi yake. Kwa 4A-FE nafasi ya meni ni mm 0.015 hadi 0.033, na ya konrodi ni mm 0.020 hadi 0.051. Kikomo cha uchakavu ni mm 0.10 kwa meni na mm 0.08 kwa konrodi. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi ya meni.

Nafasi ikizidi, oili inamwagika pembeni kabla haijafika shingo za mbali. Taa ya oili inaanza kuwaka injini ikipata moto na kushuka sailensa (mzunguko wa chini kabisa), kisha unasikia injini ikigonga kwa chini. Ikipungua, oili haipiti, beringi inapata joto, inalainika na kushikana na shingo. Kwa hiyo kuchagua saizi maana yake ni kutafuta unene wa beringi utakaoacha nafasi hiyo kati ya tundu la bloku na shingo ulizonazo wewe.

Soma beringi kuukuu kabla ya kuzitupa

Zitoe moja moja na uzipange mezani kwa mpangilio wa injini, ya juu na ya chini pamoja, kila jozi na namba ya shingo yake. Kepu za meni, vile vifuniko vinavyobana beringi za chini, zina namba 1 hadi 5 na mshale unaoelekea mbele, upande wa puli. Za konrodi zitie alama mwenyewe kama huzioni, kwa sababu kepu ya konrodi ilichongwa pamoja na konrodi yake na haikubali nyingine.

Rangi ya shaba ikitokea katikati ya beringi zote, basi ni uchakavu wa miaka au injini ilikosa oili. Ikitokea kwenye beringi moja, upande mmoja wa juu na upande wa pili wa chini, shuku konrodi iliyopinda. Mikwaruzo ya duara yenye chembe zilizozama ndani ni uchafu ulioletwa na oili. Beringi iliyolika kwenye ukingo tu inaonyesha shingo iliyosagwa vibaya pembeni. Na beringi iliyozunguka ndani ya tundu lake, ulimi wake ukiwa umelala, ni habari nyingine kabisa: tundu la konrodi nalo limeumia, na ukifunga beringi mpya humo itazunguka tena. Konrodi hiyo ipelekwe kupimwa tundu, au itafutwe nyingine.

Kupima

Venia haifai kwa kazi hii. Unahitaji maikromita ya mm 25 hadi 50 inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya milimita, na kwa matundu unahitaji geji ya tundu. Kama huna, karakana yoyote inayosaga krenki inavyo. Lipia kupimiwa na ondoka na namba zilizoandikwa kwenye karatasi. Jibu la "hii bado nzima" halitoshi.

Osha krenki kwa mafuta ya taa, ikaushe, kisha iache ndani pamoja na maikromita mpaka vyote viwe na joto moja. Hili hupuuzwa sana. Krenki iliyoanikwa juani ikawa na joto la nyuzi 20 zaidi ya kifaa chako hunenepa karibu mm 0.01 kwenye shingo ya mm 48. Kama utakavyoona hapa chini, kosa hilo linatosha kukupeleka karibu namba mbili mbali na beringi sahihi.

Kila shingo ipime mara nne: karibu na ukingo wa kushoto, mara mbili kwa pembe ya msalaba, halafu vivyo hivyo karibu na ukingo wa kulia. Kwa shingo tisa ni vipimo 36. Ukiharakisha utajidanganya mwenyewe. Mfano wa shingo moja ya meni:

kushoto: 47.990 na 47.989
kulia: 47.989 na 47.986

Tofauti kubwa hapo ni mm 0.004. Shingo ni nzima. Kikomo cha yai (shingo kupoteza duara) na cha mteremko (upande mmoja kuwa mwembamba kuliko mwingine) ni mm 0.02; ikizidi hapo, krenki inasagwa. Inasagwa pia kama kucha inakwama ukiivusha juu ya mkwaruzo, hata kama kipimo ni kizuri.

Mwisho iweke krenki juu ya vishikio viwili vyenye umbo la V, geji ya saa ikigusa shingo ya meni ya katikati, na uizungushe taratibu. Mshale ukicheza zaidi ya mm 0.06, krenki imepinda. Hakuna beringi ya kutibu krenki iliyopinda.

Standadi ziko tano

Toyota haikutengeneza standadi moja. Matundu ya bloku hutofautiana kidogo yakichongwa, shingo nazo vilevile, kwa hiyo kiwandani kila tundu na kila shingo ilipewa namba, na beringi za kuziba tofauti hizo zikatengenezwa za unene wa aina tano. Namba za bloku zimegongwa chini yake, utaziona sampu (bakuli la oili) ikishatoka. Za krenki ziko kwenye vipande vyake vya uzito. Sugua kwa brashi ya waya, kwa kawaida zimejificha chini ya masizi ya oili.

Tundu la meni kwenye bloku, bila beringi:
namba 1: mm 52.025 hadi 52.031
namba 2: mm 52.031 hadi 52.037
namba 3: mm 52.037 hadi 52.043

Shingo ya meni:
namba 0: mm 47.994 hadi 48.000
namba 1: mm 47.988 hadi 47.994
namba 2: mm 47.982 hadi 47.988

Unene wa beringi katikati ya mgongo wake:
namba 1: mm 2.002 hadi 2.005
namba 2: mm 2.005 hadi 2.008
namba 3: mm 2.008 hadi 2.011
namba 4: mm 2.011 hadi 2.014
namba 5: mm 2.014 hadi 2.017

Hesabu yake ni kujumlisha. Bloku 2 na krenki 1, beringi ni 3. Bloku 3 na krenki 2, beringi ni 5. Ihakiki mwenyewe: tundu namba 2 katikati yake ni 52.034, toa shingo 47.991, unabaki na 4.043. Beringi namba 3 ni 2.0095, na ziko mbili, juu na chini, yaani 4.019. Kinachobaki ni mm 0.024, katikati kabisa ya nafasi inayotakiwa. Kila shingo ifanyiwe hesabu yake peke yake. Ni kawaida injini moja kudai namba 2, 3, 3, 4 na 3.

Namba ya krenki iligongwa siku ikiwa mpya. Krenki iliyozunguka miaka ishirini huenda iligongwa 0 na leo inasoma 47.991. Ifuate maikromita: hiyo sasa ni 1. Ukichagua beringi kwa kujumlisha ile 0 utaanza na nafasi pana tangu siku ya kwanza.

Konrodi ni rahisi zaidi, maana shingo zake hazina namba. Soma 1, 2 au 3 kwenye kepu ya konrodi, na beringi inachukua namba hiyohiyo. Unene wake ni mm 1.486 hadi 1.490 kwa namba 1, mm 1.490 hadi 1.494 kwa namba 2, na mm 1.494 hadi 1.498 kwa namba 3. Shingo yenyewe iwe kati ya mm 39.985 na 40.000.

Sasa, madukani mengi utapewa boksi lililoandikwa STD tu, bila namba, beringi zote za unene mmoja. Usilikatae bila kupima. Tuseme unene wake ni wa kati, sawa na namba 3. Kwenye shingo iliyohitaji namba 5, nafasi itaongezeka kwa mm 0.012 na kufika karibu 0.036. Imepita kiwango kidogo, ila iko mbali na kikomo, na injini itadumu. Kwenye shingo iliyohitaji namba 1 mambo yanageuka: nafasi inashuka hadi karibu 0.012, na bahati ikiwa mbaya hadi 0.003. Hiyo ni injini itakayoshika. Shingo ya namna hiyo itafutie beringi yenye namba, au krenki ipigwe polishi karakanani mpaka nafasi itimie. Ukilazimika kukosea, kosea upande wa nafasi pana.

Kupima unene wa beringi kuna ujanja wake. Maikromita ya kawaida ina uso bapa, ikikaa ndani ya mviringo wa beringi inasoma zaidi. Weka gololi ndogo ndani ya beringi, pima vyote pamoja kwa maikromita ya mm 0 hadi 25, kisha toa kipenyo cha gololi uliyoipima kwanza. Pimia katikati ya mgongo, kwa sababu beringi huwa nyembamba kidogo kuelekea ncha zake.

Ikibidi kusaga

Majina yanachanganya. Andasaizi 0.25 maana yake shingo imepungua kwa mm 0.25, na beringi imenenepa kuziba pengo hilo. Unene huo unagawanywa kwa vipande viwili, hivyo kila kimoja kinaongezeka mm 0.125. Beringi ya meni iliyokuwa karibu mm 2.01 inakuwa karibu mm 2.13. Ukipima beringi ya boksi la "25" ukakuta mm 2.01, boksi linasema uongo. Alama .010 kwenye maboksi ya Marekani ni inchi, ambayo ni mm 0.254, yaani ileile 25.

Utaratibu unaookoa hela ni huu: tafuta beringi kwanza, saga baadaye. Krenki ikishasagwa hadi 0.50 hairudi, na kama seti ya 50 haipo mjini umebaki na chuma chakavu. Nunua seti, ipime, kisha mpe msagaji kipimo cha mwisho badala ya kumwambia "piga 25". Kipimo unakipata hivi: tundu, toa beringi mbili, toa nafasi unayoitaka. Tundu 52.034, beringi 2.128, nafasi 0.030:

52.034 − 4.256 − 0.030 = 47.748

Hiyo ndiyo namba ya kumwandikia kwenye karatasi, pamoja na ruhusa ya mm 0.005 tu juu au chini.

Saga kidogo iwezekanavyo. Kama 0.25 inaondoa mikwaruzo yote, kwenda 0.50 "ili iwe safi" ni hasara. Meni na konrodi si lazima zilingane: meni zinaweza kubaki standadi na konrodi zikaenda 25. Lakini meni zote tano ziwe saizi moja, na konrodi zote nne vilevile, kwani beringi huuzwa kwa seti.

Krenki ikirudi ikague kabla ya kulipa. Pembe inayounganisha shingo na ukuta wake iwe na mviringo laini. Ikiachwa kali kama kona ya boksi, krenki itakatikia hapohapo siku moja ikiwa na mzigo. Mviringo huo ukiwa mkubwa kupita kiasi, nao utaukwangua ukingo wa beringi. Midomo ya matundu ya oili isiwe na makali. Na uso uwe umepigwa polishi. Shingo yenye alama za jiwe hula beringi mpya kama tupa.

Hakikisha kwa Plastigage

Plastigage ni uzi laini wa plastiki. Wa kijani hupima mm 0.025 hadi 0.076 na ndio unaotufaa. Geuza bloku juu chini ili krenki ilalie beringi za juu. Ukipima injini ikiwa ndani ya gari, uzito wa krenki unalalia kepu na kusoma uongo, labda uinyanyue.

Futa oili yote kwenye shingo na beringi. Kata uzi wa upana wa beringi, ulaze kwenye shingo sambamba na krenki, mbali na tundu la oili. Funga kepu zote za meni kwa Nm 60, kwa awamu, ukianzia katikati kwenda nje. Krenki isizunguke hata kidogo. Fungua, kisha linganisha upana wa uzi uliobondeka na mistari ya pakiti yake. Ukipita mstari mpana kuliko yote, nafasi yako iko chini ya 0.025, kwa meni hiyo ni sawa mradi hesabu ya maikromita inaonyesha hujashuka chini ya 0.015. Uzi mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili unaonyesha shingo yenye mteremko, au uchafu nyuma ya beringi.

Boliti za konrodi hazikazwi sawa kwa miaka yote. Matoleo ya zamani yana nati na kipimo kimoja, ya baadaye hukazwa kisha kuongezwa nyuzi 90. Fuata kitabu cha injini yako, na hesabu za Plastigage zifanywe kwa mkazo huohuo.

Yanayoua beringi mpya

Karatasi ya pakiti ya sigara, au kipande cha bati, nyuma ya beringi "kuipandisha". Injini hunyamaza kwa wiki chache. Beringi hupoa kwa kugusana na chuma cha tundu lake, na karatasi inazuia joto hilo lisitoke. Kupiga tupa kepu ni ndugu ya hiyo: nafasi ya juu na chini inapungua, ya pembeni inabaki, na tundu linakuwa yai. Bloku iliyowahi kupigwa tupa huwezi kuigundua kwa macho. Ifunge kepu bila beringi kwa Nm 60 na upime tundu kwa pembe tatu. Msasa wa mkono kwenye shingo unatoa mng'aro na kuondoa duara.

Beringi ya juu, ya kwenye bloku, ina mfereji na tundu la oili. Ya kepu haina. Ukizibadilisha umeziba njia ya oili na injini haitamaliza siku. Nyuma ya beringi pawe pakavu na pasafi, oili ipakwe mbele tu. Zile nusu mwezi za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma hukaa shingo ya tatu, mifereji yake ikitazama nje. Mchezo wake ni mm 0.02 hadi 0.22, kikomo 0.30, ukizidi, zipo nene zaidi, za ovasaizi 0.125.

Njia za oili ndani ya krenki hubaki na vumbi la jiwe la kusagia. Pitisha waya wenye kitambaa, mimina mafuta ya taa, puliza kwa kompresa, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bloku vivyo hivyo, na chujio la pampu.

Wakati wa kufunga, zungusha krenki kwa mkono kila umalizapo kepu moja. Inapogoma, tatizo liko kwenye kepu uliyoifunga sasa hivi, na ndiyo ya kufungua. Gari likiwa tayari, toa plagi zote, chomoa umeme wa nozeli, piga staa kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Plagi hazirudi kabla taa haijazima.